Gemu yangu haijaisha, na Ijumaa ninaitoa

Ijumaa hii ninaitoa gemu ambayo haijaisha. Haina jitu la mwisho la kupigana nalo, hadithi yake haifiki tamati, na nusu ya ramani niliyoichora mwanzoni haimo. Kilichomo ni kiumbe mdogo mwenye taa, mapango, msitu uliolowa mvua, mnara wenye kinu cha upepo kilichogoma kuzunguka, na muziki. Unatembea, unaruka, unakwea, unatafuta njia. Mhusika unamwona kutoka ubavuni, ulimwengu umegawanywa vyumba vinavyofunguana, na hakuna sauti wala mshale wa kukuelekeza pa kwenda.

Wanaonipenda wamenishauri nisubiri. Hoja yao ina uzito: mtu huonja mara moja, na gemu ikishatoka nusu, wachache sana watarudi kuitazama siku itakapokamilika. Nimeitafakari hoja hiyo kwa muda mrefu, na ninaona haizifai gemu za aina hii. Gemu ya uvumbuzi hukamilika chumba kwa chumba. Ulimwengu wenyewe haukamiliki kamwe, hukatwa tu mahali fulani, na kazi ya mtengenezaji ni kuchagua pa kukata wakati bado anaipenda kazi yake. Mimi nimechagua hapa.

Sababu kubwa ya gemu hizi kukaa miaka bila kuisha ni ya kiufundi, na inastahili kuelezwa vizuri maana wengi hudhani ni uvivu au tamaa iliyozidi kipimo. Katika gemu ya kurukaruka ya kawaida, hatua ya tano haiigusi hatua ya kwanza. Ukimaliza kuitengeneza ya kwanza, imekwisha, isahau. Katika gemu ya uvumbuzi mchezaji hupata uwezo mpya, tuseme kukwea kuta, kisha anarudi nao kulekule alikopita. Kila ukuta aliouacha nyuma sasa anautazama upya. Huko juu kuna nini? Mtengenezaji lazima awe na jibu, na jibu likiwa "hakuna kitu" mara kadhaa mfululizo, mchezaji anaacha kutazama juu. Kwa hiyo kila uwezo unaouongeza leo unaifungua tena kazi uliyodhani umeshaifunga mwaka jana.

Metroid ya mwaka 1986 iliujenga msingi huu kwa namna ambayo bado inanishangaza. Gemu nyingi za wakati ule zilimzoesha mchezaji kwenda kulia. Metroid ikamweka mahali ambapo akielekea kulia anakwama mapema, huku kitu anachokihitaji, uwezo wa kujikunja kuwa mpira, kikiwa upande wa kushoto, hatua chache tu kutoka alipoanzia. Kabla hajasoma neno lolote, ameshafundishwa kwamba hapa kurudi nyuma ni sehemu ya safari. Super Metroid ya mwaka 1994 ikaenda mbali zaidi. Samus, mhusika wake, anaweza kupanda kwa kujisukuma kutoka ukuta hadi ukuta tangu dakika ya kwanza, ila gemu haikuambii. Chini ya shimo moja refu unakuta viumbe wadogo watatu wanaofanya hivyo mbele ya macho yako, na wewe huna njia nyingine ya kutoka ila kuwaiga. Ukishatoka, mwilini mwa Samus hakuna kilichoongezeka. Umebadilika wewe, na ghafla vyumba vyote ulivyovipita ni vipya.

Huo ndio utamu wenyewe. Na ndipo gharama ilipo.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa na aina sita za uwezo. Fanya hesabu: kila uwezo mchezaji ama anao ama hana, na kwa kuwa ninamruhusu aupate kwa mpangilio wowote, anaweza kuingia chumba kimoja akiwa katika hali 64 tofauti. Baadhi ya hali hizo hazitokei, lakini huwezi kujua ni zipi mpaka uzipitie. Na kila hali inauliza swali lilelile: akiingia hapa hivi, je, atatoka? Shimo ambalo mwenye uwezo wa kuelea analivuka bila kufikiri linaweza kumnasa moja kwa moja aliyetumbukia bila uwezo huo, na kwa kuwa gemu huhifadhi mahali alipofika, hata kuizima na kuiwasha hakumsaidii. Sijui dosari mbaya kuliko hiyo katika gemu za aina hii. Kufa si kitu, unaanza tena karibu na hapo. Kunaswa ni kupokonywa safari yote, pamoja na saa ulizozitumia.

Kwa hiyo nimepunguza. Zimebaki aina tatu: kukwea, kuelea, na taa kali inayoyeyusha ukungu. Hali 64 zikashuka hadi 8, na hali 8 mtu mmoja anaweza kuzipitia katika kila chumba kwa uangalifu, jioni baada ya jioni, bila kupoteza hamu. Kupunguza huku ndiko kulikoiwezesha gemu kutoka. Watu wanapozungumzia kukata kazi iliyozidi hufikiria kupunguza vyumba, lakini vyumba ni rahisi. Kimoja kikitolewa, kimoja kimetoka. Uwezo mmoja ukitolewa, kazi iliyobaki inagawanyika nusu.

Kuna chumba kimoja ambacho ningependa kukionyesha kwa karibu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha jinsi mambo haya yanavyoshikana. Ninakiita chumba cha kisima.

Kwanza mruko wenyewe. Kigae changu, kipande cha mraba ninachojengea vyumba, kina pikseli (nukta za skrini) 16 kwa 16. Kiumbe anaruka juu pikseli 56, yaani vigae vitatu na nusu, na anafika kileleni kwa sekunde 0.4. Wengi wanaoanza huiweka nguvu ya mvutano, ile inayomrudisha kiumbe chini, kwa kubahatisha, kisha wanaipapasa juu chini mpaka wachoke. Mimi huanza na kimo na muda ninaoutaka, halafu hesabu inatoa yaliyobaki: mwendo wa kuanzia ni kimo mara mbili kugawanya kwa muda, ambao hapa ni pikseli 280 kwa sekunde, na mvutano unakuwa 700, yaani kila sekunde mwendo wake wa kwenda juu unapungua kwa pikseli 700 kwa sekunde. Anapoanza kushuka ninaukaza hadi 1,050, maana mruko unaoshuka taratibu sawa na ulivyopanda unahisiwa mlegevu kidoleni. Kwa mbele anakwenda pikseli 90 kwa sekunde. Ukijumlisha kupanda na kushuka, mruko mmoja unamvusha pikseli 65 hivi.

Katika chumba cha kisima kuna pengo la vigae vitano, pikseli 80. Niliweka pengo hilo kuwa kufuli: huvuki mpaka upate kuelea. Upana wa kiumbe ni pikseli 8, na kwa kuwa anaweza kuondoka na kutua akiwa ameng'ang'ania ncha ya ukingo, safari anayohitaji ni pikseli 72. Sitini na tano haifiki huko. Kufuli limefungwa vizuri.

Kisha nikaongeza huruma. Mtu anayecheza anapokimbia kuelekea ukingoni, kidole chake mara nyingi huchelewa kidogo, anabonyeza kuruka wakati mhusika ameshapita ukingo, anaanguka, na analaumu gemu. Ana haki ya kuilaumu, kwa sababu machoni pake alibonyeza kwa wakati. Dawa inajulikana miaka mingi: unampa fremu (picha mojamoja zinazopita kwenye skrini) chache za ziada baada ya kuacha ukingo ambazo bado anahesabiwa kuwa yuko ardhini. Watengenezaji wa Celeste, iliyotoka mwaka 2018, wameeleza hadharani orodha nzima ya huruma za namna hii walizozificha ndani ya gemu yao, na watu husema tu kwamba ile gemu "inasikiliza" vidole. Mimi nimetoa fremu 6, na kwa fremu 60 kwa sekunde hiyo ni sehemu ya kumi ya sekunde. Hakuna anayeiona. Kila mtu anaihisi.

Lakini katika hiyo sehemu ya kumi ya sekunde kiumbe anasogea mbele pikseli 9. Anashuka kidogo, anapoteza kimo kidogo, na jumla ya safari yake inafika pikseli 73 hivi. Kufuli lilihitaji 72.

Pikseli moja! Mchezaji mwenye mkono mwepesi sasa anavuka kisima bila kuelea, anafika kwenye mnara wa kinu mapema mno, na akiwa huko anaona mambo kwa mpangilio ambao sikuupanga. Ningeweza kuongeza pengo kwa kigae kimoja na suala lingeisha hapohapo. Nimeliacha. Nilivipitia vyumba vyote vya mnara katika hali ya mtu asiye na kuelea, nikaongeza ngazi mbili na jiwe moja ili asinaswe, na sasa njia hiyo ni sehemu halali ya gemu. Ninaipenda kuliko kitu kingine chochote nilichokitengeneza humo. Atakayeivuka atajua ameivuka kwa kidole chake.

Waliotangulia wameilipia kazi hii kwa miaka. Daisuke Amaya aliitengeneza Cave Story peke yake, kuanzia msimbo na picha hadi muziki, kwa takriban miaka mitano ya muda wake wa ziada, na alipoitoa Desemba 2004 aliitoa bure. Thomas Happ alianza Axiom Verge mwaka 2010, naye peke yake, ikatoka 2015. Billy Basso alitumia takriban miaka saba kwenye Animal Well, iliyotoka 2024, na injini ya gemu hiyo aliijenga mwenyewe. Owlboy ya Norway ilianzwa mwaka 2007 na kutoka Novemba 2016, na hiyo ilikuwa na timu. Silksong ilianza kama nyongeza ya Hollow Knight, ikakua mpaka ikawa gemu kamili. Ilitangazwa Februari 2019 na watu wakaipata Septemba 2025.

Hizo zilifika. Fez II ilitangazwa Juni 2013 na kufutwa mwezi uliofuata, na ilikuwa ni mwendelezo wa gemu iliyopendwa sana. Nyingine nyingi hazina hata tangazo la kufutwa. Zimelala kwenye diski za watu, zikiwa na vyumba ambavyo labda ni vizuri kuliko vyote tulivyowahi kutembea ndani yake, na hatutaviona kwa sababu mwenye navyo anangoja ramani ijae. Hilo linanihuzunisha kwa dhati. Chumba kilichochorwa, kikapimwa, kikapewa muziki wake, kimeshakuwa kazi kamili. Kinachokosekana ni mtu wa kuingia.

Kuna njia nyingine, na ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo wangu. Seiklus ya mwaka 2003 ni gemu ndogo, haina kupigana, haina maneno, ni kutembea tu na kukusanya. Baada yake akaja Nicklas Nygren wa Sweden, anayejulikana kwa jina la Nifflas, na Knytt mwaka 2006. Mhusika wa Knytt ni mdogo kiasi kwamba ukipepesa macho unampoteza, na anaweza kukwea kuta tangu mwanzo. Fikiria maana ya uamuzi huo. Hakuna uwezo wa kupewa baadaye, kwa hiyo hakuna kurudi kuvifungua vyumba upya, hakuna hali 64. Ulimwengu uko wazi kabisa na kinachokuzuia ni umbali na umbo la milima. Wengine huona gemu za namna hiyo kuwa nyepesi. Kwangu ni mojawapo ya maamuzi mazuri kabisa yaliyowahi kufanywa katika aina hii, kwa sababu bila makufuli, mahali panabaki kuwa mahali, na unapasimama kupatazama.

Picha sasa. Nimechora kwa skrini ya pikseli 320 kwa 180, kipimo ambacho wengi hukitumia kwa sababu kinazidishwa bila baki: mara 4 unapata 1280 kwa 720, mara 6 unapata 1920 kwa 1080, mara 12 unapata 3840 kwa 2160. Shida ni zile kompyuta za mapajani zenye 1366 kwa 768, ambazo bado ni nyingi. Ukiivuta picha ijaze skrini hiyo, pikseli nyingine zinakuwa na upana wa nne na nyingine tano, na kiumbe anapotembea mwili wake unacheza kama maji. Nimekataa hilo. Katika skrini hizo gemu itaonekana kwa ukubwa wa mara 4, na pembeni kutabaki ukingo mweusi. Atakayetaka kuivuta kuna mahali pa kuchagua, lakini haitaanza hivyo.

Kitu kingine ninachokisimamia kwa nguvu: kila sehemu inayokanyagika ina mstari wa juu wa pikseli moja, wa rangi nyepesi, na mstari huo hauonekani kokote kwenye mandhari ya nyuma. Hata pawe giza, hata pawe na mvua na majani yanayopeperuka, jicho linajua pa kutua. Nimeona gemu zenye picha za kupendeza mno ambazo hujui ni tawi gani la kusimamia na ni lipi la kutazama tu, na uzuri wote unageuka kero. Kiumbe wangu ana kimo cha pikseli 12. Hana uso. Ana macho mawili, pikseli moja kila moja, na anapotulia muda mrefu anageuza kichwa kuelekea upande ambao hujawahi kwenda. Hicho ndicho kidokezo pekee ndani ya gemu nzima, na nilikaa nacho muda mrefu kuliko msitu wote.

Muziki ndio ulionifanya nianze, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Hirokazu Tanaka, aliyetunga muziki wa Metroid, alikuwa na chipu ya sauti yenye chaneli mbili za mawimbi ya mraba, moja ya mawimbi ya pembetatu, moja ya mvumo na moja ya sampuli. Kwa vifaa hivyo hafifu alitaka, kwa maelezo yake mwenyewe, mchezaji ahisi yuko karibu na kitu kilicho hai, asijue muziki unaishia wapi na sauti za mahali zinaanzia wapi. Melodi ya kufurahisha moyo aliitunza hadi mwisho kabisa, kwa ajili ya yule tu aliyemshinda adui mkuu. Nilipolielewa hilo, niliacha kutunga nyimbo za kupiga mluzi. Melodi inayoshikika hukaa kichwani, na ikirudia mara nyingi inamwambia mchezaji kwamba muda unakwenda na yeye amepotea. Muziki wa mahali unatakiwa umruhusu kupotea.

Natunga kwa programu ya aina ya treka, ambamo noti huandikwa mojamoja kwenye safu zinazoteremka. Ni uzao wa Ultimate Soundtracker ambayo Karsten Obarski aliitoa mwaka 1987 kwa kompyuta za Amiga, ikiwa na chaneli nne. Lakini siandiki wimbo mzima. Kila eneo lina vipande vitatu vifupi vinavyojirudia kila kimoja kwa muda wake: kimoja sekunde 17, kingine 23, kingine 29. Namba hizo hazigawanyiki kwa kitu kingine, kwa hiyo vipande havikutani upesi. Viwili vya kwanza vinaanza pamoja tena baada ya sekunde 391, dakika sita na nusu. Vyote vitatu vinarudi mwanzoni kwa pamoja baada ya saa tatu na dakika tisa hivi. Hakuna mchezaji atakayekaa msituni saa tatu, kwa hiyo hakuna atakayeusikia msitu ukijirudia, ingawa nimetunga chini ya dakika moja na nusu ya muziki.

Ili vipande visigombane vinapokutana ovyo, vyote vinatumia skeli moja, yaani ngazi moja ya noti, yenye noti tano zisizo na nusutoni, ile hatua fupi kabisa kati ya noti mbili. Noti yoyote inaweza kuangukia juu ya nyingine na sikio likaridhika. Nyayo za kiumbe nazo nimezitungia humohumo: akikanyaga jiwe, mlio wake ni noti ya skeli ya eneo hilo, chini kabisa ya sauti, huwezi kuitambua mpaka usimame. Ukisimama, kuna kitu kinapungua. Wachezaji watasimama na kutembea tena bila kujua wanatafuta nini. Chini ya maji ninakata sauti za juu zote, zibaki za kina tu. Na kuna vyumba ambavyo vipande vyote vitatu vinazimwa. Sijaweka hata upepo. Ni vichache, na vyote viko kabla ya mahali penye mwonekano mpana.

Muziki una hatari moja kubwa kwa gemu ambayo haijaisha: unaficha. Weka vipande vyenye mwangwi mrefu juu ya chumba kitupu na chumba kitaonekana kina maana. Utakitazama, utahisi kitu, utakiita kimekamilika. Ndiyo maana kila chumba nilichokiacha kwenye toleo hili nimekicheza sauti ikiwa imezimwa kabisa, na nikajiuliza kama bado ninataka kujua kilicho ng'ambo ya mlango wa kulia. Vilivyoshindwa kipimo hicho nimevitoa. Kulikuwa na korido ndefu yenye nguzo na mvua ambayo kila aliyeipita aliisifu. Bila muziki ilikuwa ni kushikilia kitufe kimoja mpaka ifike mwisho. Haimo.

Sasa, milango. Hapa ndipo gemu nyingi zinazotolewa mapema huniumiza, na nimeapa yangu haitafanya hivyo. Katika gemu ya uvumbuzi kufuli ni ahadi. Ukimwonyesha mchezaji mlango wa rangi ambayo hana, ukuta wenye ufa, handaki lililojaa maji, umemwambia: rudi, nimekuwekea kitu. Ataikariri sehemu hiyo. Kuna watu huchora ramani kwa mkono na kuweka alama. Akirudi mara ya pili na ya tatu, kisha akagundua kwamba uwezo wa kufungua haupo popote, amedanganywa, hata kama uliandika mwanzoni kwamba gemu haijaisha. Maandishi ya mwanzoni hayafuti ahadi iliyotolewa ndani ya ulimwengu wenyewe.

Kwa hiyo kila kufuli ambalo uwezo huu wa aina tatu hauwezi kulifungua, nimeliziba. Ukuta tu, wenye vigae vya kawaida, bila ufa. Mahandaki ya maji yaliyohitaji kuzamia yamekuwa sakafu. Kuna mahali iliniuma kweli, hasa pale chini ya msitu ambapo ungeona nyumba nzima imezama, taa zake zikiwaka. Nimeiondoa hata isionekane. Ikiwa siku moja nitaijenga njia ya kufika, itarudi ikiwa na njia yake.

Na pale ramani inapoishia kweli, nimeweka alama isiyo ya maneno. Kila mpaka una chumba chenye benchi. Kiumbe anaweza kukaa, na akikaa kipande cha nne cha muziki kinaingia, ambacho hakisikiki kwingine kokote. Baada ya kuyakuta mabenchi mawili mchezaji ataelewa: benchi ni mwisho wa upande huu. Hatagonga kuta akitafuta njia ya siri ambayo haipo. Njia za siri zipo, ila si karibu na mabenchi, na hilo nimelizingatia bila kuvunja hata mara moja, kwa sababu kanuni ya aina hii ikivunjwa mara moja haifai tena.

Toleo la Ijumaa litakuwa bure. Ndani yake, pamoja na gemu, nimeweka chombo nilichotumia kujenga vyumba. Knytt Stories ya mwaka 2007 ilikuja na chombo cha namna hiyo, na watu walijenga ulimwengu mwingi mno juu yake, mingine mikubwa kuliko ule wa Nifflas mwenyewe. Sitegemei yote hayo. Lakini kama kuna mtu atakayetazama ukuta niliouziba na kusema hapa pangefaa kuwa na ngazi ya kushuka, basi asiningoje mimi. Faili za vyumba ni maandishi ya kawaida, kila kigae ni herufi moja, na zinafunguka kwa programu yoyote ya kuandikia. Vipande vya muziki navyo nimeviweka wazi, kila kimoja peke yake, ili anayejenga eneo jipya aweze kubadilisha kimoja na kuacha viwili.

Nitaendelea kuongeza, ila sitatangaza eneo lolote kabla vyumba vyake vyote havijapita kipimo cha ukimya na hali zote nane. Kikipita kimoja peke yake, kitangoja wenzake. Kitakachonisaidia zaidi kwa sasa ni taarifa za mahali watu wanaponaswa. Kona ya chini kushoto, ukibonyeza F1, inatokea namba ya chumba na herufi za uwezo ulio nao. Niandikie hizo mbili tu, namba na herufi. Huna haja ya kueleza ulifikaje, maana kwa hizo naweza kukiweka chumba kama kilivyokuwa kwako, nikaingia humo, nikatafuta njia ya kukutoa.